Mlango wa Nakshi na Kiti cha Hoteli: Nani Amlipe Mlinzi?

Karakana ya useremala mjini Lamu hutengeneza mlango wa nakshi na kiti cha hoteli chini ya paa moja. Mbao iliyoingia kwenye mlango inapimika, na fundi aliyeuchonga anajulikana kwa jina na kwa saa alizokaa juu yake. Kiti nacho ni vivyo hivyo. Lakini mlinzi anayekesha pale hakuulinda mlango peke yake. Kodi ya jengo haikulipwa kwa ajili ya viti tu. Tokeni za umeme zilipoisha katikati ya mwezi zikanunuliwa nyingine, na hakuna aliyeandika kwamba hizi ni za mlango na zile ni za viti. Hata hivyo, mteja akipiga simu kutoka Malindi kuuliza bei, mwenye karakana hana budi kutaja shilingi kamili, na ndani ya shilingi hizo lazima iwemo sehemu ya mlinzi, ya kodi na ya tokeni. Sehemu kiasi gani?

Wahasibu huziita gharama za namna hii ovahedi za kiwanda. Humu nitaziita gharama za pamoja. Ni kila shilingi inayotumika ili karakana iweze kufanya kazi, lakini huwezi kuisonta bidhaa moja ukasema, hii ndiyo iliyoila. Kuzigawa kunaonekana jambo dogo, chukua jumla ugawanye, na kumbe hapo ndipo watu wenye mikono mizuri na wateja wengi wanapofilisika. Fundi anaweza kuwa na oda za mwaka mzima asijue kwamba kila kiti anachouza kinamtoa pesa mfukoni, na kwamba mlango aliokataa kuupunguza bei ungemlipa.

Chukua watu kumi waliokodi boti moja kutoka Mokowe kuvuka hadi Lamu. Mmoja ana magunia ya simiti, wengine wana mikoba tu. Wakigawana nauli sawa kwa sawa, mwenye mkoba amembebea mwenziwe. Wakigawana kwa uzito, haki imesogea karibu. Lakini nahodha angelipwa kiasi kile kile hata wangekuwa watano, kwa hiyo hata mgawo wa uzito hausemi kila abiria amemgharimu nahodha kiasi gani. Gharama za pamoja za karakana zina tabia zote mbili: ziko zinazofuata mzigo, na ziko zinazokaa pale pale, mzigo uwepo usiwepo. Anayezichanganya atapata jibu, na jibu litakuwa na tarakimu safi kabisa, ila litampoteza.

Kwanza, kinachogawiwa ni kipi

Madaftari mengi huharibika hapa, kabla hata ya kugawa chochote. Mbao za mvule au mbambakofi zikishushwa Mokowe, zikavushwa kwa boti, kisha hamali na punda wakazifikisha karakanani, nauli hizo zote ni gharama ya mbao zenyewe. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2, kinachohusu mali ya ghalani, kinasema wazi kwamba gharama ya kununua inajumuisha usafirishaji na ubebaji unaohusiana moja kwa moja na ununuzi huo. Basi punda aingie kwenye hesabu ya mbao, si kwenye fungu la pamoja. Punda huyo huyo akiubeba mlango uliokwisha hadi gatini uende kwa mteja, hiyo ni gharama ya kuuza. Haiingii kwenye gharama ya kutengeneza mlango kabisa. Inaandikwa kando, katika mwezi ilipotokea.

Uhifadhi nao una pande mbili. Mbao mbichi hukaa kivulini zikauke, maana mlango uliochongwa kwa mbao yenye maji utapasuka baadaye na nakshi yake kuachana. Kukaa huko ni sehemu ya kazi, kwa hiyo gharama ya banda la kukaushia ni gharama ya kutengeneza. Mlango uliokwisha ukikaa miezi mitatu ukingoja mnunuzi, nafasi unayoila haiongezi gharama yake hata senti. IAS 2 inatenganisha mambo hayo mawili: uhifadhi unaohitajika kabla ya hatua inayofuata ya utengenezaji unahesabiwa, mwingine hauhesabiwi. Kadhalika hauhesabiwi uharibifu usio wa kawaida, wala gharama za ofisi zisizohusiana na utengenezaji, wala za kutafuta wateja.

Kenya inatumia viwango vya kimataifa tangu 1999, na lile toleo lililofupishwa kwa biashara ndogo na za kati limeshika kanuni hizi hizi. Si lazima karakana iwe na mkaguzi wa hesabu ndipo zifae. Zinafaa kwa sababu zinamzuia mtu kujidanganya.

Mgawo wa mkono mmoja

Nitatumia karakana ya mfano, yenye tarakimu nilizozipanga ili hesabu ionekane. Ina mafundi wanne. Kwa mwezi wa kawaida hutoa milango 4 na viti 60.

Mlango mmoja unakula mbao na vifaa vya shilingi 40,000, na saa 120 za fundi kwa shilingi 150 kila saa, yaani 18,000. Jumla ya gharama za moja kwa moja ni 58,000. Kiti kinakula vifaa vya 2,200 na saa 4 za fundi, yaani 600; jumla 2,800. Kwa mwezi mzima, milango imechukua saa 480 na viti saa 240. Saa za mafundi ni 720.

Gharama za pamoja za mwezi ni hizi: kodi 24,000, mshahara wa msimamizi 30,000, mlinzi 12,000, gundi na msasa na misumari 6,000, umeme wa mashine 28,000, uchakavu wa mashine (sehemu ya thamani yake inayoisha mwezi huo) 18,000, na kunoa visu, vipuri na matengenezo 26,000. Jumla 144,000. Gundi na msasa zingeweza kupimwa kwa kila kiti, lakini muda wa kupima ungekuwa ghali kuliko gundi yenyewe, kwa hiyo zimeachwa humo.

Njia iliyozoeleka ni kugawa jumla hiyo kwa saa za mafundi. 144,000 kwa 720 ni shilingi 200 kwa saa. Mlango wenye saa 120 unabebeshwa 24,000, kiti chenye saa 4 kinabebeshwa 800. Gharama kamili ya mlango inakuwa 82,000, ya kiti 3,600. Karakana inauza kiti 4,000 na kuridhika na faida ya 400. Mwenye nyumba wa Malindi akitoa 80,000 kwa mlango, anajibiwa kwamba haiwezekani, bei hiyo ni hasara ya 2,000.

Hesabu imefungana. Ukizidisha milango 4 kwa 24,000 na viti 60 kwa 800 utapata 144,000 bila senti kupotea, na kufungana huko ndiko kunakowapa watu imani. Lakini hesabu yoyote ya mgawo itafungana, hata ukigawa kwa idadi ya herufi katika jina la bidhaa. Jambo la kuuliza ni kama kigezo ulichogawia ndicho kilichoileta gharama. Ukipunguza saa moja ya fundi anayechonga kwa patasi na nyundo, je, umeme utapungua? Hautapungua. Patasi haitumii tokeni. Msumeno na randa za mashine ndizo zinazozila, na ndizo zinazokula visu, mikanda na vipuri. Mlango wa nakshi, ukishapasuliwa mbao na kupigwa randa, kazi yake kubwa iliyobaki ni ya mkono: miimo, kizingiti, mfaa wa katikati, ua kwa ua. Kiti kinatoka mashineni karibu kimekwisha.

Mgawo wa saa za mafundi haukubuniwa na wajinga. Ulienea katika viwanda ambamo mikono ya watu ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya gharama, na gharama za pamoja zilikuwa kidogo. Lamu pia, karakana isiyo na kitu ila keekee, patasi, tupa na msumeno wa mkono ingekosea kidogo sana kwa kugawa hivyo, maana kila gharama ilimfuata fundi. Siku mashine ya randa ilipoingia ndani, kigezo kilipaswa kubadilika. Daftari likabaki lile lile.

Hili lilionekana mapema. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Alexander Hamilton Church aliandika mfululizo wa makala katika jarida moja la uhandisi, akishikilia kwamba kila mashine ihesabiwe kama kikarakana kinachojitegemea, chenye kodi yake, na kila kazi inayopita hapo ilipe kwa saa ilizokaa. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 120. Ukikaa na wenye karakana za pwani utaona bado linahitaji kuelezwa.

Mafungu mawili

Tulitumie. Katika mwezi ule, kila mlango ulikaa mashineni saa 6 na kila kiti saa 2. Milango saa 24, viti saa 120, jumla saa 144 za mashine. Umeme, uchakavu na matengenezo ni shilingi 72,000, basi kila saa ya mashine ni shilingi 500. Zilizobaki, yaani kodi, msimamizi, mlinzi na gundi, nazo ni 72,000, na tukizigawa kwa saa 720 za mafundi kila saa ni shilingi 100.

Mlango sasa unabeba 12,000 kwa saa za fundi na 3,000 kwa saa za mashine, jumla 15,000. Kiti kinabeba 400 na 1,000, jumla 1,400. Gharama kamili ya mlango imeshuka hadi 73,000 na ya kiti imepanda hadi 4,200.

Hakuna hata shilingi moja iliyoongezeka wala kupungua karakanani. Mafundi ni wale wale, umeme ni ule ule. Lakini kiti kinachouzwa 4,000 kwa furaha kina hasara ya 200, na ule mlango wa 80,000 uliokataliwa ulikuwa na faida ya 7,000. Karakana ilikuwa inawafukuza wateja wa nakshi na kuwashangilia wateja wa viti, kwa nguvu ya kigezo kimoja kisichofaa. Linaniuma hili kwa sababu lina matokeo nje ya daftari. Kazi ya mkono inapoonekana ghali kuliko ilivyo, kwa kuwa imebebeshwa umeme wa mashine ambayo haikuigusa, kijana anayejifunza kuchonga anaambiwa nakshi hailipi. Pengine inalipa. Ni kwamba hesabu imeitwisha mzigo wa mwingine.

Mtu anaweza kuendelea kukatakata. Kodi, kwa mfano, haifuati saa za mtu yeyote; inafuata nafasi. Banda la kukaushia mbao za milango likichukua nusu ya kiwanja, ni halali milango ibebe kodi zaidi ya inavyobeba sasa. Na msimamizi? Hapa pana utamu, maana yeye ndiye gharama kubwa kuliko zote katika orodha na ndiye anayeeleweka vibaya zaidi.

Muda wa msimamizi hauliwi na viti, unaliwa na oda. Oda ya viti viwili inamtaka azungumze na mteja, aandike vipimo, apange mbao, aseti mashine, akague, atoe risiti. Oda ya viti thelathini inamtaka afanye yayo hayo, mara moja. Tuseme mwezi ule ulikuwa na oda 20: milango 4, kila mmoja na oda yake, oda moja ya viti 30 kutoka hoteli kubwa, na oda 15 za viti viwili viwili kutoka nyumba za wageni. Shilingi 30,000 za msimamizi kwa oda 20 ni 1,500 kwa oda. Katika ile oda ya thelathini, kila kiti kinambeba msimamizi kwa shilingi 50. Katika oda ya viwili, kila kiti kinambeba kwa 750.

Ukikamilisha hesabu, shilingi 42,000 zilizobaki kwenye fungu la mafundi zikigawiwa saa 720, kiti cha oda kubwa kinagharimu kama 4,083 na cha oda ndogo kama 4,783. Vyote vinauzwa 4,000. Ukivitazama kwa pamoja huoni kitu, unaona kiti cha 4,433 kwa wastani. Kumbe oda kubwa inakaribia kujilipa yenyewe, na zile ndogo kumi na tano ndizo zinazozama. Dawa yake si kupandisha bei ya viti vyote. Weka bei ya kuanzia kwa kila oda, au waombe wenye nyumba za wageni wajikusanye, oda zao zifanywe pamoja.

Miaka ya 1980, Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard ndio walioueneza mtindo huu wa kugawa kwa kufuata shughuli, baada ya kuona viwanda vya Marekani, kikiwamo kimoja cha John Deere, kampuni ya matrekta, vikihesabu kwa saa za wafanyakazi huku mashine zikiwa zimeshika kazi. Waliona yale yale tunayoyaona hapa: bidhaa za wingi zilikuwa zinabeba mzigo wa bidhaa za oda chache. Baadaye mtindo wenyewe ukawachosha watu kwa wingi wa shughuli za kuhesabu, na mwaka 2004 Kaplan pamoja na Steven Anderson wakapendekeza njia nyepesi: kisia tu kila shughuli inachukua muda gani, kisha zidisha kwa gharama ya muda huo.

Marekebisho hayo yana maana kwetu. Kuhesabu oda kama nilivyofanya kunadhani kwamba oda ya mlango inamchukua msimamizi muda sawa na oda ya viti viwili. Si kweli. Mlango unamtaka aende akapime nafasi ukutani, achore nakshi, arudi aoneshe, mteja abadilishe ua, achore tena. Mlango mmoja unaweza kumla siku nzima. Basi hesabu saa zake, si idadi ya oda. Milango itapanda kidogo, viti vya oda ndogo vitashuka kidogo, na picha itakuwa karibu zaidi na mambo yalivyo.

Pa kuishia ni wapi? Kwa maoni yangu karakana ya watu watano haihitaji mafungu zaidi ya matatu: la mashine, la mafundi na la oda. Fungu la nne litakula muda wa kuandika bila kubadilisha uamuzi wowote.

Mwezi wa Mei

Lamu ina msimu. Masika na pepo za kusi zikishika, kati ya Aprili na Juni, wageni hupungua na hoteli nyingine hufunga milango. Ramadhani nayo, ambayo kila mwaka huja mapema zaidi katika kalenda, hupunguza saa za kazi mchana. Tuseme mwezi wa Mei karakana yetu ikafanya saa 360 tu, nusu ya kawaida.

Kodi haikupungua. Mlinzi, msimamizi na uchakavu pia. Gharama hizi zisizobadilika ni 84,000 kwa mwezi. Ili kurahisisha, tuzigawe zote kwa saa za mafundi. Katika mwezi wa kawaida, 84,000 kwa saa 720 ni kama shilingi 117 kwa saa, na mlango wa saa 120 unabeba 14,000. Mei, 84,000 kwa saa 360 ni kama 233, na mlango ule ule, wa mbao ile ile na mikono ile ile, unabeba 28,000. Je, mlango umekuwa bora kwa shilingi 14,000 kwa sababu ulichongwa wakati wa mvua?

Anayeamini hesabu hiyo atapandisha bei ya Mei. Bei ikipanda, wale wateja wachache waliobaki wataondoka. Saa zitashuka tena, mgawo utapanda tena, na bei itapandishwa tena. Biashara inaweza kuteremka hivyo hadi kufunga, kila hatua ikiwa na hesabu sahihi ya kuihalalisha.

IAS 2 imeziba njia hiyo. Inataka gharama zisizobadilika zigawiwe kwa uwezo wa kawaida, yaani wastani unaotarajiwa kwa vipindi au misimu kadhaa katika hali ya kawaida, pakiwekwa pia nafasi ya matengenezo yaliyopangwa. Mlango wa Mei ubebe 14,000 kama ndugu zake. Zile 42,000 zilizobaki bila bidhaa ya kuzibeba zinaandikwa kama gharama ya kipindi, kwenye faida na hasara ya mwezi huo. Na Disemba, ikiwa karakana imefanya kazi kupita kawaida, kiwango kwa saa kinashushwa ili mali isiandikwe kwa zaidi ya gharama yake.

Faida ya kanuni hii kwa mwenye karakana ni kubwa kuliko usafi wa vitabu. Inampa tarakimu mbili pale ambapo zamani alikuwa na moja. Ya kwanza ni gharama ya mlango. Ya pili ni gharama ya kukaa bure, 42,000, iliyoandikwa peke yake ambapo haiwezi kujificha. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo ya kujadili na msimamizi: je, Mei tuchonge makasha tuyaweke akiba? Tuwape mafundi likizo? Tufungue mashine tuzifanyie matengenezo? Ikizikwa ndani ya bei ya mlango, mazungumzo hayo hayatokei.

Kuna jambo moja la kiutendaji. Bili na matengenezo hujulikana baada ya mwezi kwisha, lakini mteja anataka bei leo. Kwa hiyo viwango vile vya 100 na 500 huwekwa mwanzo wa mwaka kwa makisio, kisha vinatumika mwaka mzima. Mwisho wa mwaka kilichogawiwa hakitalingana na kilicholipwa. Tofauti ikiwa ndogo, ipeleke kwenye gharama ya vilivyouzwa. Ikiwa kubwa, igawe kati ya vilivyouzwa, vilivyomo ghalani na vilivyoko nusu kazi. Sehemu iliyotokana na karakana kukaa bure isiingie ghalani kamwe.

Tarakimu ya daftari na tarakimu ya uamuzi

Tumeona kwamba kiti kina hasara ya 200 kwa mgawo wa mafungu mawili. Je, karakana iache viti?

Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Gharama ya 4,200 ina ndani yake kodi, mlinzi na uchakavu, na hizo hazitaondoka viti vikiondoka. Kitakachoondoka ni vifaa 2,200, malipo ya fundi 600 ikiwa analipwa kwa kazi, umeme na matengenezo kwa saa 2 za mashine, yaani 750, na gundi na msasa kama 33. Jumla 3,583. Kila kiti kinachouzwa 4,000 kinaacha shilingi 417 za kusaidia kulipa kodi. Viti 60 vinaacha kama 25,000. Ukiviacha bila kuweka kitu mahali pake, hiyo 25,000 inapotea, na mzigo wake wote unahamia kwenye milango minne.

Ukiweka kitu mahali pake, hesabu inageuka. Saa 240 za viti zinatosha milango miwili zaidi. Mlango wa 80,000 unaondoa 58,000 za moja kwa moja, 2,250 za mashine na 1,000 za gundi na msasa, unaacha 18,750. Miwili inaacha 37,500. Basi kuacha viti ni sawa ikiwa wapo wanunuzi wawili zaidi wa milango, na ni kosa ikiwa hawapo. Gharama kamili ya 4,200 haikuweza kutuambia hivyo. Ilituambia tu kwamba pana jambo la kuchunguza.

Vivyo hivyo Mei, hoteli ya Malindi ikitaka viti 20 kwa 3,900. Daftari linasema hasara ya 300 kwa kila kimoja. Lakini mashine zimelala na msimamizi analipwa hata hivyo. Kila kiti kinaacha 317, jumla 6,340 ambazo zisingekuwepo. Mimi ningechukua kazi hiyo, mara moja, Mei, kwa mteja asiyenunua kwangu msimu mzuri. Nisingeifanya kuwa bei yangu. Anayeuza mwaka mzima kwa bei inayoacha shilingi mia tatu tu hatafikisha 84,000 za kila mwezi, na Lamu ni mji mdogo, bei ya mmoja hujulikana na wote kabla ya magharibi.

Ikiwa mafundi wanalipwa mshahara wa mwezi, kazi iwepo isiwepo, ile 600 ya fundi nayo haiondoki, na kiti cha 3,900 Mei kinaacha 917. Ndiyo sababu nasema mtu aanze kwa kuuliza analipaje watu wake kabla hajachukua kanuni yoyote kitabuni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari la fedha peke yake halitoshi. Lazima pawe na daftari la saa. Litundikwe karibu na randa, na kila anayewasha mashine aandike kazi, saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Msimamizi naye aandike muda wa kila oda. Mwezi mmoja wa kawaida na mmoja wa kusi vinatosha kupata viwango vya kuanzia.

Bado kuna jambo ambalo saa hazilioneshi. Hesabu ya milango miwili zaidi ilidhani kwamba saa ya fundi wa viti inaweza kuwa saa ya fundi wa nakshi. Anayejua kuunga miguu ya kiti hajui kwa hivyo kuchonga mfaa, na kujifunza huchukua miaka. Kama karakana ina wachongaji wawili na wanaofanya viti ni wengine, basi kinachobana si mashine wala kodi, ni mikono ya wale wawili. Hapo swali la bei linakuwa hili: kila saa moja ya mchongaji inaacha shilingi ngapi kwenye mlango, kwenye kasha, kwenye fremu ya kioo? Panga kazi kwa jibu hilo, na zile saa za viti wape wasiochonga.